Kompyuta ya Mama Bado Inakutafuta

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, kwenye meza ya chakula,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Pokea salamu zangu za motomoto, na kama zimepoa njiani zipashe, maana hapa zimetoka zinachemka. U hali gani? Kile kikohozi cha msimu wa baridi kimekuaga au bado mnaishi chumba kimoja? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Unalala saa wanazolala watu? Nijibu swali mojamoja, usiruke kama ulivyokuwa ukiruka kuosha masufuria.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi limejifanya mtabiri wa mvua, na mara nyingi linasema uongo. Wifi yako mzima, amesimama hapa nyuma ya bega langu anasoma ninachoandika, kwa hiyo nakujulisha wazi kwamba ndiye mwanamke mzuri kupita wote niliowahi kuwaona. Sasa ameondoka. Bado ni mzuri, ila jana kaunguza wali.

Binti yetu ameng'oka meno ya mbele na amejua kuandika jina lake, japo analianzia kulia. Wewe anakujua kwa sura ya kwenye kioo cha kompyuta tu, kwa hiyo kichwani mwake unaishi humo. Kompyuta ikizimwa anatukemea tusipige kelele, shangazi kalala. Mwanzoni tulicheka. Sasa tunanyamaza kweli.

Mimi ndiyo usiulize. Nazidi kupendeza. Duka langu la kutengeneza kompyuta, pale kati ya kinyozi na fundi viatu, linavuma kama nyuki. Watu wanasema shule niliiacha njiani. Mimi nasema shule ndiyo iliyoshindwa mwendo wangu. Mtu aliyekuwa utingo wa malori, aliyelala mipaka yote, akaomba maji ya kunywa kwa lugha asizozijua na akaletewa soda, hatishwi na sanduku la bati lenye taa. Hata bango langu limeandikwa "Daktari wa Kompyuta". Kinyozi anasema nimejitunuku. Nimemwambia, kwani yeye kichwa changu alikisomea wapi?

Sasa utajiuliza, Bingwa kaka yangu ana nini leo hata ashike kalamu? Juzi uliniuliza kwenye simu mbona Jumapili zile ulikuwa ukipiga kwa Mama na kompyuta yake haiitikii. Nikakujibu umeme. Haukuwa umeme, umeme ulikuwepo hata wa kumwaga. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mimi na wewe simu zetu huishia kwenye vicheko, na ukuta wa chumba hiki ni mwembamba, na masikio ya Mama hayajazeeka pamoja naye. Barua haikatikikatiki. Kaa kitako usome.

Kompyuta yenyewe unaikumbuka, ulimwachia wewe. Ipo palepale mwisho wa meza ya cherehani, kati ya pasi na kopo la vifungo. Siku za kazi Mama anawekea michoro ya mishono na vipimo vya wateja, na Jumapili ni yako. Mwaka huu ikaanza kuwa nzito. Mama alikuwa akiiwasha anapinda pindo la sketi nzima kabla picha haijatokea. Na Jumapili ndiyo balaa tupu: sura yako inaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba, sauti inakuja nyuma peke yake kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Mama hakulalamika hata mara moja. Wewe ukishakata, yeye alibaki ameketi anaitazama ile sura iliyoganda mpaka kioo kiingie giza. Siku moja nikamkuta ana kitambaa anafuta kioo, lakini hafuti chote. Anafuta pale shavuni kwako, penye kidoti.

Nikasema haiwezekani. Daktari yupo ndani ya nyumba, na mama yake mzazi anatazama picha iliyokufa? Nitaisafisha hii mashine mpaka iombe msamaha.

Wewe ndiye uliyenionyesha mambo haya, kwa hiyo usinicheke mapema. Sikubonyeza yale matangazo yanayorukaruka kama panzi, "Kompyuta yako ina makosa maelfu, bonyeza hapa!" Huyo ni mwizi anayekugongea mlango kukuambia umeibiwa. Wateja wangu wengi wanaingia kwake na mafua, wanatoka na kipindupindu. Mimi nilichukua chombo cha kusafishia rejista mlangoni kwa waliokitengeneza wenyewe, nikakijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu ya dukani. Haikufa. Nikaridhika.

Wifi yako amerudi, ananiuliza rejista ndiyo nini. Hebu nimweleze hapahapa, wewe ruka mstari. Rejista ni kile kichwa cha mama mwenye nyumba. Kompyuta peke yake haijui kitu. Ikitaka programu inauliza rejista: fulani analala chumba gani, anaamshwa saa ngapi, chai yake ina sukari au haina? Yote yamo. Sasa programu zikihama mara nyingi haziagi vizuri. Rejista inabaki inazikumbuka, na kila asubuhi inaita majina ya waliokwisha kuondoka. Kuisafisha ni kupita chumba kwa chumba ukimwambia: huyu kahama, huyu naye kahama, usimwite tena.

Haya. Wifi yako anasema ameelewa, na anasema kazi gani hiyo ya kikatili. Unaona mwenyewe, kaniwahi.

Basi nikaanza kazi, Mama akiwa amekwenda kumpima bibi harusi mmoja. Diski ilikuwa imejaa hadi kooni, nikaona kwanza ipumue kidogo, nikafuta vituo vyote vya kurejea, vile ambavyo mambo yakiharibika unairudisha kompyuta ilivyokuwa jana. Fundi mzima, natoboa mtumbwi ili kupunguza uzito! Halafu nikaamuru chombo kitafute. Kikaniletea orodha ndefu kama foleni ya wagonjwa, na kila mstari mwishoni una maneno yaleyale: hakina mwenyewe, hakina mwenyewe, hakina mwenyewe. Kikaniuliza, unataka nakala ya vitakavyofutwa? Nikasema ndiyo, nikaiweka kwenye flashi yangu nyekundu. Hapo najisifu, na nina haki.

Mwenye akili timamu hapo anasoma orodha mstari kwa mstari. Nilisoma kidogo, nikapiga miayo, nikabonyeza Futa Zote.

Kesho yake asubuhi nikajiweka mlangoni kusubiri sifa. Mama akaja, akaiwasha, na picha ikatokea kabla hajavaa miwani sawasawa. Nikajikohoza. Yeye akaweka mkono juu ya kipanya, akangoja. Akangoja. Akatazama kioo, akatazama na nyuma ya kioo.

"Haijaamka vizuri hii," akasema.

"Imeamka, Mama. Tena imeamka kama askari aliyesikia king'ora."

"Mbona haijasema?"

"Haijasema nini?"

Akangoja tena, akavua miwani, akachukua kipande cha bitana akaifunika kompyuta yote, akarudi zake kwenye cherehani. Nilibaki mlangoni na sifa zangu mkononi.

Wifi yako ndiye aliyenivutia jikoni. "Umemfuta Kidoti," akaninong'oneza, kama vile kuna maiti chumba cha pili.

Sasa sikiliza, maana hili nadhani hata wewe hulijui. Unakumbuka kile kiprogramu ulichokitunga wakati unasoma, ukakipa jina lako mwenyewe, Kidoti? Mama akiwasha kompyuta tu, sauti yako inatoka: "Mama, shikamoo! Umeamkaje?" Naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu," ndipo kazi inaanza. Ulikiweka kwenye ile diski yako ndogo ya kuchomeka pembeni, kwa sababu diski ya ndani ilikuwa imejaa michoro ya magauni. Siku unaondoka kwenda kazini nchi za watu ukaichomoa, ukaitia begini, ukaenda nayo. Sikulaumu, mwenye safari ana mengi.

Wewe ulikwenda, lakini rejista haikuambiwa. Kila asubuhi miaka yote hii ilikuwa inamwita Kidoti. Inaangalia kwenye ile diski, diski haipo, ndipo kinatokea kile kisanduku kidogo cha kijivu: "Faili la Kidoti halipatikani. Hakikisha jina ni sahihi, kisha ujaribu tena."

Mimi nilikuwa nakijua hicho kisanduku. Nilikuwa nakiona kama upele. Wifi yako anasema Mama kila asubuhi alikuwa akikisoma taratibu mpaka mwisho, anasema, "Jina ni sahihi, nilikupa mimi," halafu, "Marahaba, mwanangu," ndipo anabonyeza Sawa. Kila asubuhi. Alikuwa anaitikia shikamoo isiyotoka.

Na mimi ndiye nikapita na ufagio wangu nikakitoa, kwa sababu hakina mwenyewe.

Kuanzia siku ile Mama hakuiwasha tena. Michoro akachora kwa chaki kwenye magazeti kama enzi za marehemu Baba, vipimo akaandika kiganjani kwa kalamu. Nikimwambia Jumapili imefika, Kidoti atapiga, anasema, "Mwacheni apumzike, amechoka na kazi." Tazama alivyo: kilichomuuma yeye, pole akakupa wewe. Binti yangu akawa anatembea kwa ncha za vidole kutwa nzima. Shangazi yake kalala mno safari hii.

Nikasema siwezi kushindwa, mimi si mtu wa kushindwa. Kama ni kisanduku, nitamtengenezea kisanduku! Nikatunga changu, rangi ileile ya kijivu, maneno yaleyale, nikakipanga kitokee kompyuta ikiwaka. Nikamwita Mama kwa mbwembwe zote, nikaifunua ile bitana kama mtu anayezindua hospitali. Kompyuta ikawaka, kisanduku hicho, pa!

Mama akakisoma. Akanitazama juu ya miwani.

"Hiki umeandika wewe."

"Mama, si maneno ni yaleyale?"

"Maneno ni yaleyale. Ila hiki hakikutafuta. Kile cha mwanangu, taa ilikuwa inapepesa kwanza. Inamtafuta, inamtafuta, ikimkosa ndipo inasema. Hiki kimekuja kusema hayupo, hata mlangoni hakikuchungulia."

Kidoti, nimebishana na askari wa forodha nikawashinda. Nimebishana na madalali. Pale nilikifuta kisanduku changu mwenyewe. Mama akairudisha bitana yake.

Sikuweza kuuandika ule mstari wa kweli wa rejista kwa mkono. Ulivyoupanga wewe una herufi na alama kama nyayo za kuku, na njia ya kuelekea kwenye ile diski siikumbuki. Vituo vya kurejea nilishavifuta mwenyewe kwa raha zangu. Ikabaki ile flashi nyekundu. Nikaingiza mkono kwenye droo ya dukani: hakuna. Nikapekua duka mpaka kinyozi akaja kuuliza kama nahama.

Ndipo nikakumbuka. Dereva! Yule jirani wetu wa lori, mwenye kicheko kama breki. Alipita kuomba flashi ya kutilia nyimbo za safari, na mimi kwa ukarimu wangu usio na macho nikamwambia chukua yoyote. Alikuwa ameshavuka mpaka, yuko nchi ya watu huko anangoja kushusha mzigo.

Nikampigia. "Flashi yangu nyekundu unayo?"

"Ninayo, Daktari! Inaimba vizuri sana. Nilifuta makorokoro yako yote, nafasi ikapatikana."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. "Yote?"

"Yote. Eh, kuna kimoja kidogo kama punje ya mchele, hicho sikukigusa. Hakizidishi mzigo. Nikasema nacho kipande lori, kikaone dunia."

Nikamwambia asiichomoe, asiizime, asiiazime, asiitazame kwa jicho kali. Akaniuliza kwani kuna nini humo, hati ya nyumba? Nikamwambia kuna dada yangu. Hakucheka. Huyu mtu ninamfahamu tangu utingo wangu, sijawahi kumsikia hajacheka. Akasema, "Basi nitaendesha polepole."

Tukangoja. Kila lori likipiga honi barabarani cherehani ya Mama ilikuwa inasimama, kisha inaendelea. Wifi yako naye aliliona hilo.

Dereva akaingia na vumbi lake mchana kweupe, hata kwake hakupita kwanza. Flashi ilikuwa shingoni, kaifunga kwa uzi kama kipenga cha refa. Nikanawa mikono. Cheka tu, nilinawa.

Safari hii sikupiga miayo. Kwanza nikatengeneza kituo kipya cha kurejea. Halafu nikaifungua ile nakala, nikasoma mstari kwa mstari, vile nilivyopaswa kusoma mwanzo, mpaka nikaliona jina lako katikati ya matakataka ya michezo na mashine za kuchapia tulizokwisha kuzitupa. Mengine nikayaacha huko huko. Nikauchukua ule mmoja tu, nikaurudisha mahali pake. Nikaizima kompyuta, nikamwambia Mama aje aiwashe yeye.

Alikuja na sindano mdomoni. Akabonyeza. Picha ikatokea. Ile taa ndogo ya mbele ikaanza kupepesa, ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Dereva alikuwa amevua kofia. Mimi nilikuwa siangalii kioo, nilikuwa namwangalia Mama. Kisanduku kikatokea.

Mama akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kanga, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Jina ni sahihi," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Akabonyeza Sawa. Kisha akamgeukia Dereva, akamshukuru, akamwambia akae ale. Na alipokuwa anarudi kwenye cherehani akasema, si kwangu, si kwa Dereva, akasema tu: "Hata kifaili kimekwenda nchi za watu, na kimerudi."

Basi ndiyo hivyo. Huo ndio umeme wetu.

Nikuambie na siri ya kiufundi, maana najua unajiuliza. Kusafisha rejista hakukuiongezea mbio za maana. Kilichoisaidia ni kuufungua mgongo wake: mlikuwa na vumbi na nyuzi za kushona shati na vifungo vyake. Nikazizuia na programu zile zinazoamka asubuhi bila kazi, nikahamisha michoro ya zamani, diski ikapata pumzi. Sasa inakwenda vizuri. Jumapili iliyopita si uliona mwenyewe? Hukuganda hata kidogo. Mama alisema umekonda.

Nawe uliniambia kompyuta yako ya huko ni nzito, unafikiria kuisafisha. Haya, daktari wako anasema hivi. Usiamini kinachojinadi kwa kelele. Weka nakala kabla hujagusa, na flashi yenye nakala usiiazime hata kwa shemeji. Vituo vya kurejea viache mpaka uhakikishe mambo yametulia. Futa kidogokidogo, uwashe uone, ndipo uendelee. Na zaidi ya yote, kabla hujakiambia chombo kitafute, chomeka kila kitu chako, kila diski, kila waya. Kwa sababu chombo kile kisichokiona kitu kinaandika hakina mwenyewe. Hakijui tofauti ya aliyekufa na aliye safarini. Mimi nimeijua sasa, na kunifundisha kumemgharimu Mama Jumapili zake.

Kidoti mdogo wangu, hapa sifanyi mzaha, na unajua inavyonichosha kutofanya mzaha. Kila mwaka unasema mwakani. Mama kwenye kompyuta anakujibu, "Kazi kwanza, mwanangu, sisi tupo." Usimwamini. Kamera inamwonyesha usoni tu, mikono haionyeshi. Mimi nakaa upande naiona. Ukisema mwakani, anashika ukingo wa meza.

Na mimi je? Mimi nina watu wengi, namshukuru Mungu, nikitia neno mezani wote wanacheka. Lakini hakuna anayenirudishia. Wewe ndiye uliyekuwa unanirudishia, tena kwa makali, mpaka Baba anatufukuza wote wawili tukamalizie nje. Siku hizi nasema neno langu, linacheza peke yake katikati ya sahani, linachoka, linakaa. Kiti chako wifi yako ameweka kapu la nguo za kupiga pasi juu yake. Akija mgeni tunamletea kigoda.

Najua tayari unawaza nini. Wewe ni mtu wa mitambo, utasema, kumbe jambo lenyewe ni hilo? Nitamtumia Mama kile kiprogramu kwa mtandao sasa hivi, kitakuwa kimefika kabla chai haijapoa. Nami nilimwuliza Mama hivyohivyo: nimwambie akitume? Akakata uzi kwa meno, akasema, "Cha nini? Niwe naitikia sauti ya mwaka ule, mwenyewe hayupo? Wewe iache itafute."

Kwa hiyo usikitume. Ile diski ndogo, popote ulipoitupa, kwenye begi, chini ya kitanda, itafute uifute vumbi. Uje nayo. Ufike hapa asubuhi kabla ya wateja, uichomeke kwa mkono wako mwenyewe, ukae kwenye kiti chako, kapu nitaliondoa mimi. Mwache Mama awashe. Taa ipepese, inakutafuta kama ilivyozoea, na safari moja tu ikupate.

Wasalimie wote wanaokupa kampani huko, hasa yule mwenzako wa kazini anayekupikia ukiugua. Mwambie nyumbani kwetu ana chumba. Hapa Mama anakusalimu, hajui nakuandikia lakini anakusalimu kila asubuhi. Mama mdogo anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia wanaogopa kaka yako. Wifi yako anakukumbatia. Dereva anasema siku utakayofika atakuja kukupokea kwa lori tupu, ili mizigo yako isibanane. Binti yangu anakutumia jino lake, limo humu ndani kwenye karatasi iliyokunjwa, usilitupe ukidhani ni uchafu wa bahasha.

Mungu akulinde kazini na njiani, akufungulie milango yenye kukurudisha, na akukutanishe na Mama mkiwa wazima nyote wawili.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda mwenyewe, na unajua ninavyojipenda,

Bingwa, Daktari wa Kompyuta

Tena: Nilitaka kuifunga barua nikamsikia Mama anawasha kompyuta. Nimechungulia. Taa bado inapepesa.